Kompyuta ya Mezani Inayojizima Wakati wa Kuwaka: Anza kwa Kuhesabu Sekunde

Kompyuta inayojizima kabla haijamaliza kuwaka huwatia wenyewe hofu, na wengi hukimbilia kuweka Windows upya ilhali kasoro iko kwenye umeme au joto. Katika kazi yangu ya ufundi nimezoea kushika saa kabla ya bisibisi, kwa sababu muda ambao kompyuta inadumu kabla ya kuzimika ndio unaoonyesha mahali pa kutafuta.

Hatua ya 1: Hesabu sekunde

Iwashe mara tatu, ukipumzisha dakika kumi kila mara, na uandike sekunde ilizodumu. Ikizimika baada ya sekunde moja au mbili, shuku shoti au waya uliolegea. Ikizimika kila mara karibu na sekunde ya nne au ya tano, shuku kitufe cha kuwashia kilichonasa, maana kukishikilia kwa sekunde nne hivi ni amri ya kuizima kwa lazima. Ikidumu nusu dakika au zaidi, kisha muda huo ukazidi kupungua unapoiwasha tena bila kuipumzisha, tatizo kwa kawaida ni joto.

Hatua ya 2: Ingia BIOS

Mara tu unapowasha, bonyeza Delete au F2 mfululizo, kisha iache kompyuta kwenye ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, kwa robo saa. Hapo Windows haijaanza kabisa, kwa hiyo ikizimika, Windows haihusiki. Angalia pia joto la prosesa: likipanda bila kutulia hadi kukaribia nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa huzima mashine ili isiungue. Ikitulia kwenye BIOS lakini ikazimika Windows inapopakiwa, jaribu kuiwasha katika hali salama (Safe Mode). Isipozimika humo, chunguza kwanza programu na madereva (programu zinazoendesha vifaa, drivers) yaliyowekwa karibuni.

Hatua ya 3: Shughulikia joto

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, fungua kasha, na uguse chuma chake kabla ya kugusa kitu kingine. Usiridhike kwa kuwa feni inazunguka. Ing'oe, utazame chini yake: mara nyingi nimekuta vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi juu ya mapezi ya kipoza joto, na hewa haipiti hata kidogo, ingawa kwa juu feni ilionekana safi. Kagua pia miguu ya kipoza joto, kwani mmoja ukichomoka kwenye tundu lake, chuma huinuka upande na prosesa hupata joto ndani ya sekunde chache. Ukikiondoa, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kwa spiriti na uweke mpya, kiasi cha punje ya njegere.

Hatua ya 4: Pima kitufe

Chomoa waya mdogo wa kitufe kwenye ubao mama, kisha rudisha umeme na uguse pamoja pini mbili za ubao mama ulipochomoa waya huo kwa ncha ya bisibisi kwa kitambo kidogo. Kompyuta ikiwaka na kubaki imewaka, badilisha kitufe.

Hatua ya 5: Punguza vifaa

Chomoa umeme tena. Acha prosesa na kipoza joto chake, kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu) na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme) tu; kadi ya picha ibaki ikiwa prosesa haina picha yake. Hakikisha waya wa pini 4 au 8 ulio karibu na prosesa umeingia mpaka mwisho, na utafute skrubu iliyodondoka nyuma ya ubao mama. Kisha iwashe; ikidumu, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukichomoa umeme kila mara, hadi ukipate kinachoizima.

Hatua ya 6: Pawa saplai

Kwa multimita, njia ya volti 12 isome kati ya 11.4 na 12.6, na ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Vipimo vizuri havitoshi kuiondolea shaka, kwa kuwa pawa saplai iliyochoka huanguka pale mzigo unapoongezeka ghafla. Jaribio la kuaminika ni kuazima nyingine yenye wati za kutosha. Tafadhali usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme unaoweza kuua. Kompyuta ikiendelea kuzimika hata kwa ile ya kuazima, kagua kapasita za ubao mama: zilizovimba vichwa au kuvuja ute wa kahawia zinamhitaji fundi wa kulehemu.