Gari la zamani linatetemeka na kugonga: lisikilize kabla hujanunua spea

Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, hapa Mtwara huwa naletewa gari lilelile kwa sura tofauti: Corolla la miaka ya tisini, limepanda na kushuka Newala na Tandahimba na magunia nyuma, na mwenyewe analalamika, "Fundi, likikaa sailensi linatikisika mpaka vioo vinalia. Plagi nimeshabadilisha zote." Sailensi ni injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta. Nikifungua boneti, plagi ni mpya kweli. Waya wa ethi, ule wa kutoka betri hasi kwenda kwenye bodi na injini, ndio umeota ukungu wa kijani.

Maelezo haya ni ya injini ya petroli yenye silinda nne na distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi), kama 5A-FE ya Toyota. Kwenye injini nyingine vitu vitakuwa mahali pengine, ila mpango wa kutafuta haubadiliki. Egesha mahali tambarare, nje, si ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wa ekzosi unaua. Vuta handbreki. Kanga, mtandio na mikono mirefu vikae mbali na mkanda wa feni.

Hatua ya 1: Likute baridi

Asubuhi, kabla hujawasha, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa chini ya alama, jaza kwanza, vinginevyo utatafuta ugonjwa ambao ni njaa tu. Kisha washa na usikanyage mafuta. Angalia mambo mawili: kelele ipo tangu mwanzo ikafifia kadiri injini inavyopata moto, au haikuwepo ikaja baadaye? Inayofifia mara nyingi ni pistoni iliyolegea kidogo kwenye silinda, au gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuja mpaka chuma kitanuke. Hayo unaweza kuishi nayo kwa muda. Inayokuja injini ikishapata moto, oili ikiwa imekuwa nyepesi, ndiyo inayoniogopesha.

Hatua ya 2: Ni injini au ni mauntingi?

Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu, weka D, halafu rudisha N. Likitetemeka kwenye D tu na N likatulia, na mlio wa injini haukatikikatiki, tazama mauntingi, ile mipira inayoshikilia injini, kabla ya kitu kingine. Mpira ukipasuka, injini nzima hugusa bodi na wewe ndani unadhani inakufa.

Hatua ya 3: Tafuta silinda iliyolala

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Injini ikiwa inawaka, chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja (nozeli ndiyo inayopuliza petroli), sikiliza, irudishe, nenda inayofuata. Sailensi ikishuka na gari likatetemeka zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, umempata mvivu. Usifanye jaribio hili kwa kuvuta waya wa plagi: utapigwa shoti, na unaweza kuunguza mfumo mzima wa moto.

Zima. Hamisha plagi ya silinda hiyo uipeleke ya jirani, washa, rudia jaribio. Kosa limehama? Plagi hiyo. Halijahama? Fanya vivyo hivyo kwa nozeli, au kwa waya kama unafika kwenye silinda zote mbili. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Waya zifunge karatasi zenye namba kabla ya kuzigusa, maana moto huenda kwenye silinda kwa zamu ya 1-3-4-2, na ukikosea utatengeneza tatizo jipya. Ukinunua plagi, pima gepu, yaani nafasi kati ya ncha zake. Za NGK zenye namba inayoishia na -11 zimetengenezwa kwa gepu ya milimita 1.1. Kama vyote vimehamishwa na silinda ileile bado imelala, nenda ukapimiwe kompresheni, yaani jinsi silinda inavyobana hewa.

Hatua ya 4: Silinda zote nzima, sailensi bado inapanda na kushuka

Basi ni hewa au umeme. Sisi wa pwani tuanze na umeme: chumvi inakula ethi. Toa terminali hasi ya betri, fuata waya mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Ukishabeba korosho, chungulia pia kama panya amezoea kulala juu ya injini. Mimi nimeshakuta waya wa nozeli umetafunwa umebaki uzi mmoja.

Kwa hewa, sikiliza mlio wa kufyonza kwenye mipira midogo ya vakyumu na gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa. Nyunyiza maji ya sabuni kidogo, usiloweshe distributa. Mlio ukibadilika au sailensi ikatulia kwa muda, umepaona. Petroli usinyunyize kamwe. Mwisho safisha throto bodi, mlango wa hewa ya injini, kwenye kipepeo ambapo masizi hujaa.

Hatua ya 5: Kelele

Chukua bisibisi ndefu, ncha ielekeze kwenye chuma, mpini sikioni. Juu, kwenye kifuniko cha vali, utasikia tiki-tiki. Kamshafti, inayofungua vali, huzunguka mara moja wakati krenkshafti, inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa vali ni wa polepole kuliko unavyodhani.

Mwalimu mstaafu wa Mikindani aliniletea gari lake.
"Shikamoo, mwalimu."
"Marahaba, mwanangu. Injini hii imekwisha."
Niliingia chini: bati la kuzuia joto la ekzosi lilikuwa limekatika boliti moja. Nililifunga kwa waya, akaenda.

Mkanda ukipiga mluzi, umwagie tone la maji. Mluzi ukikatika au kuongezeka, shughulika na mkanda na puli zake. Lakini mlio mzito wa "ko, ko, ko" kutoka chini, unaozidi ukikanyaga mafuta na kupungua ukichomoa soketi ya nozeli moja, hiyo ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti. Zima, livute kwa kamba. Fungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili ipite kwenye kitambaa cheupe. Ukiona vichembe vinang'aa kama mchanga wa ufuo wa Shangani juani, injini inashushwa ikafunguliwe.