Kutoa makuti na kuezeka bati kwenye nyumba ya pwani

Makuti yanapumua: upepo ukija, mwingine unapenya. Bati halipenyezi kitu. Upepo ukiingia chini yake unalibeba na kila kilichoshikamana nalo. Nilijifunza hilo kwenye nyumba ya mama mmoja huku Pangani. Mabati niliyapigilia vizuri, lakini kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, nilizikalisha tu juu ya ukuta. Kusi la Julai, upepo utokao kusini, likang'oa upande mzima, mbao kwa bati, na nikaezeka upya kwa fedha zangu. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye kufunga.

Panga kazi Januari au Februari, kabla ya masika. Nyumba ikiwa Mji Mkongwe wa Zanzibar au mji wa kale wa Lamu, pata kibali kwanza; yote miwili ni urithi wa dunia.

Hatua ya 1: Shusha makuti
Anza kileleni ukishuka. Kata kamba kwa kisu, usivute. Funika pua, vaa glavu. Nge hujificha humo.

Hatua ya 2: Kagua boriti
Ichome kila boriti kwa bisibisi. Ikizama, imeliwa. Hata boriti ya mkoko isiyoliwa mimi siibakizi, kwa sababu imepinda, na bati hufuata kila pindo. Weka kenchi za mbao za inchi 2x4 zilizotiwa dawa. Paa la makuti huinuka hadi nyuzi 45 hivi; bati linatosheka na nyuzi 20 au 25.

Hatua ya 3: Funga kenchi ukutani
Hapa usiwe na haraka. Laza mbao juu ya ukuta pande zote. Chini ya kila kenchi, shuka kozi tatu za matofali, toboa ukuta na upitishe waya wa mabati wa milimita 4. Uzungushe juu ya mbao ya ukutani na kenchi, kutanisha ncha zake, kisha uusokote kwa kipande cha nondo mpaka ulie na kuzama kidogo kwenye mbao. Ukiugonga kwa nyundo unapaswa kuvuma kama uzi wa zeze. Ukinyamaza, bado umelegea.

Hatua ya 4: Papi
Piga papi, yaani mbao za kupigilia bati zinazokatiza juu ya kenchi, za inchi 2x2 kila sentimita 75 hadi 90, ukivuta uzi ili zinyooke.

Hatua ya 5: Ezeka
Nunua geji 28, si 32. Namba ikipungua, bati linanenepa. Karibu na bahari chukua la alumini, au lililopakwa alumini na zinki. Hilo la pili usilichoree kwa penseli, grafiti yake, ile nyeusi inayoandika, inaleta kutu. Tumia kalamu ya wino. Kata kwa mkasi wa bati, kwani cheche za grainda huunguza rangi.

Anzia mwisho wa kaskazini uende kusini, ili kusi lisiingie kwenye maungio. Bati la juu lipande la chini angalau sentimita 15. Misumari yenye mpira ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni kunakopita maji. Malizia na kofia, bati la kufunika kilele.

Acha matundu ya hewa chini ya kofia na kwenye kuta za pembeni, maana joto la bati si la makuti. Kabla ya kuweka dari, funga milango na madirisha saa sita mchana, simama ndani utazame juu. Ukiacha matundu ya hewa, penye nuru ndipo patakapovuja.