Mashati ya Kazini na Zamu Zake

Mwanamume anayevaa shati la mikono mirefu kwenda kazini hapa Mtwara au Lindi asianze kwa kujiuliza anapenda rangi gani, bali ajiulize anafua siku gani na nguo zake huchukua muda gani kukauka, kwa kuwa majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayomwambia anahitaji mashati mangapi. Katika joto la pwani yetu shati la pamba halivaliwi mara mbili kabla ya kufuliwa, hata kama jana lilivaliwa nusu siku tu. Anayefua kila Jumamosi anahitaji matano ya siku za kazi, moja la akiba kwa ajili ya msiba au kikao cha ghafla, na jingine la kuvaa wakati yale mengine yako kambani. Saba hayo yanatosha wakati wa kusi, upepo unapokausha nguo kabla ya adhuhuri. Mvua zikishika, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, shati zito linaweza kulala kambani siku mbili na kunuka uvundo, hivyo ongeza mawili au uanze kufua hata katikati ya wiki. Yule ambaye ofisi yake haina neno juu ya kanzu siku ya Ijumaa anaweza kupunguza moja.

Usiyanunue yote kwa mkupuo. Mimi niliwahi kushonesha mashati sita siku moja kwa sababu jora la kitambaa lilikuwa na bei nzuri, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza mikono yote kumi na miwili ilipanda juu ya kifundo, nikabaki na mashati ambayo hayakuwa ya mikono mirefu wala mifupi. Kosa lilikuwa langu, maana pamba husinyaa inapokutana na maji, na kitambaa chake hulowekwa, kikaanikwa na kupigwa pasi kabla fundi hajashika mkasi. Anza na mawili, yavae mwezi mzima, kisha mpelekee fundi masahihisho pamoja na kitambaa cha mengine. Mtu wa kimo cha kawaida achukue mita mbili na nusu za kitambaa cha upana wa inchi 45. Ukipenda kushonesha, nenda Julai au Agosti, kwa kuwa minada ya korosho ikishaanza na fedha zikaingia mikononi mwa watu, cherehani za mji mzima huelemewa na shati la wiki moja hugeuka la mwezi.

Kuhusu kitambaa, poplini nyepesi ya pamba ndiyo inayofaa zaidi hapa, kwani hupitisha hewa na kunyonya jasho, ingawa hukunjamana na kukulazimu kushika pasi. Poliesta haikunjamani, lakini hufungia joto na hushika harufu ya jasho ambayo sabuni huiondoa kwa shida. Muuzaji akikuapia kwamba kitambaa ni pamba tupu, mwombe uzi mmoja uuchome: uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Mchanganyiko wenye pamba nyingi ni suluhu nzuri kwa asiye na umeme wa uhakika wa pasi.

Katika vipimo, kinachotazamwa kwanza ni mabega, kwa kuwa kiuno na urefu wa mikono fundi anaweza kuvirekebisha kwa kazi ndogo, lakini mshono wa bega uliovuka mfupa haurudi mahali pake bila kulifumua shati karibu lote. Jambo hili ni la muhimu zaidi kwa anayechagua mitumba. Kola ikifungwa kifungo cha juu, vidole viwili vipite bila kubana.

Rangi nitazipitia haraka. Watu wengi hushauri samawati nyepesi kwa shati la pili baada ya jeupe, lakini mimi siikubali kwa pwani hii, kwa kuwa rangi hiyo na ya kijivu ndizo zinazoonyesha jasho mapema kuliko zote. Chukua meupe matatu, mawili yenye mistari myembamba, na mawili ya buluu iliyokolea.

Zamu yenyewe haihitaji daftari. Shati lililotoka kwenye pasi litundikwe mwisho wa kulia wa kabati, na la kuvaa lichukuliwe mwisho wa kushoto. Kila moja litafikiwa kwa wakati wake, na lile unalolipenda halitachakaa peke yake. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya henga na henga, na ufungue milango ya kabati mara kwa mara wakati wa mvua, kwani unyevu wa bahari huleta koga kwenye nguo zilizobanana.

Unapofua, sugua kola na mwisho wa mikono kwa sabuni ya mche kabla ya kuloweka. Maji ya visima vingi vya karibu na pwani yana chumvi na povu lake ni dogo, hivyo maji ya mvua uliyokinga yahifadhi kwa ajili ya meupe. Manjano ya kwapani usiyatie dawa ya klorini, ambayo huweza kuyazidisha. Yaloweke katika magadi ya kuokea yaliyochanganywa na maji kidogo. Doa la maji ya bibo, kwa bahati mbaya, likishakauka halitoki, kwa hiyo anayepita shambani msimu wa korosho asivae jeupe. Anayependa kola ngumu apike kanji ya wanga wa muhogo, kijiko kimoja kikubwa kikorogwe katika maji baridi kisha kimiminiwe lita moja ya maji yanayochemka, ila asitie kanji kwenye shati linalokwenda kukaa kabatini muda mrefu, kwa sababu wadudu hupenda wanga.

Kola ndiyo huchakaa kwanza, pale inaposuguana na shingo. Ikianza kutoka nyuzi, mpelekee fundi aifumue, aigeuze upande wa chini uje juu na kuishona tena, na shati litarudi kwenye zamu. Ikichakaa mara ya pili, shati hilo liende shambani, na vifungo vyake vikatwe kwanza na kuwekwa koponi, maana kifungo kinachofanana na vilivyopotea hakipatikani kirahisi dukani.