Kufunga bushi za giaboksi ya easofti zisicheze

Giaboksi ya easofti, ile bunduki ya mchezo inayorusha risasi za plastiki, ikianza kukwaruza, wengi hukimbilia kununua gia mpya. Mimi nikishaifungua, kwanza nashika kola (ukingo uliotokeza) ya kila bushi, ile pete inayobeba ncha ya shafti kwenye ganda la giaboksi, kwa koleo ndogo na kujaribu kuizungusha. Ikikubali kuzunguka, mchawi nimempata.

Kazi ya bushi ni kutulia. Shafti ya gia, yenye kipenyo cha milimita 3, ndiyo inayozunguka ndani yake. Bushi ikianza kuzunguka pamoja na shafti, inakula tundu la ganda, na maganda mengi ni ya aloi ya zinki, ambayo ni laini. Unga wa kijivu unaingia kwenye grisi, na grisi yenyewe inageuka msasa. Gia inalala upande, meno yanakutana vibaya. Hapo upange washa (vipete vyembamba vinavyoweka gia mahali pake) kwa ustadi wowote ule, kipimo cha leo hakitakuwepo kesho.

Chomoa betri, vaa miwani, toa springi, pistoni, swichi na kile kizuizi kinachozuia gia zisirudi nyuma. Unabaki na nusu mbili za ganda na gia tatu. Bushi ni sita, tatu kila upande.

Pima tundu kwa kalipa, usiamini maandishi ya kwenye pakiti. Vipimo vya kawaida ni milimita 6, 7, 8 na 9, na bushi mbili zinazouzwa zote kama za 8 zinaweza kutofautiana kiasi cha moja kuingia kwa nguvu na nyingine kudondoka. Kama springi ni nzito, mimi huweka bushi nzima za chuma cha pua. Beringi huzunguka vizuri, lakini vigololo vyake vikipasuka, vipande vinaishia kwenye meno ya gia. Za plastiki sihangaiki kuzigundisha, natoa, natupa.

Safisha matundu kwa spiriti na kijiti cha pamba mpaka pamba itoke nyeupe. Nje ya bushi nako vivyo hivyo. Ila bushi za shaba zenye vinyweleo vilivyonyonya oili usizizamishe kwenye asetoni, utazinyonya oili yote. Zipanguse kwa nje tu.

Sasa ijaribu kavu, kwa kidole. Ikigoma kuingia, angalia kama tundu lina rangi iliyoganda, uikwangue taratibu. Usipitishe drili kamwe. Kisha iingize kwa jiliwa, ukiweka kipande cha mbao laini upande wa kola na kingine nyuma ya ganda. Ikianza kwenda mshazari, simama, itoe, anza upya. Ukilazimisha unapanua tundu upande mmoja, na zinki haisamehi. Wanaopiga nyundo moja kwa moja juu ya ganda sina la kuwaambia, nyufa zitawaambia. Kola ikae bapa kabisa: pitisha ukucha pande zote, usihisi mwanya. Bushi iliyoingia kwa kubanwa hivi haihitaji gundi.

Ikiingia bila kubanwa, hapo ndipo gundi inapohitajika. Chaguo langu ni gundi ya kufungia beringi, ile inayokauka hewa inapokosekana kati ya chuma na chuma. Loctite 638, kwa mfano, hujaza mwanya wa hadi milimita 0.25. Supaglu nayo inashika, lakini inakauka haraka mno, na haraka ndiyo adui hapa. Kama tundu limeshalika kiasi cha bushi kuyumbayumba ndani yake, gundi itakuchelewesha tu. Tafuta ganda jingine.

Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gundi, kisha chora mstari mwembamba kuzunguka ukuta wa nje wa bushi, katikati ya urefu wake. Usipake chini ya kola: gundi nzito pale itainyanyua bushi, na kila washa utakayopanga baadaye itakuwa inapimwa kutoka mahali pabaya. Sukuma bushi ndani ukiizungusha kidogo ili gundi isambae. Iliyofurika ipanguse mara moja.

Wengi wanakosea hapa: wanagundisha bushi sita, wanaacha ganda wazi likauke, kisha wanashangaa gia nzito. Bushi ya kushoto na ya kulia zinabeba shafti moja, kwa hiyo lazima zikauke zikiwa zinatazamana. Paka shafti grisi nyepesi ili gundi isizishike, panga gia, funga ganda, kaza skrubu zote kidogo kidogo kwa kupishana. Zungusha gia kwa kidole mbele na nyuma. Bushi yenye mwanya itajisogeza yenyewe ifuate shafti. Rudia kuzungusha mara kwa mara mwanzoni, wakati gundi bado ni mbichi. Kisha liache ganda limefungwa saa 24. Zinki huichelewesha gundi ya aina hii, usiharakishe.

Ukija kutaka kuitoa, ncha ya pasi ya kulehemu ndani ya tundu la bushi italegeza gundi, kisha isukume kutoka nje kwa kijiti cha chuma chenye ncha bapa. Usivute kwa koleo, utaikunja kola.

Washa zinafuata baada ya haya yote, si kabla. Bushi zikishatulia, pangilia washa za milimita 0.1 hadi 0.5, gia ibaki na uhuru mdogo wa milimita 0.1 hivi kwenda kushoto na kulia. Tone moja la oili kwa kila bushi linatosha; grisi iache kwa meno.

Kabla ya kufunga mara ya mwisho, chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, uvuke kola na kuingia kwenye ganda, kwa bushi zote sita. Siku utakayofungua tena kubadilisha grisi, mstari uliokatika utakuonyesha ni bushi ipi imezunguka, hata kama kwa kidole inaonekana imeshika.