Fidla au viola? Pima kabla hujalipa

Nyie mnaoanza taarab, ukiuziwa fidla ya mtumba hapa Mjini, azima futi ya fundi cherahani upime mwili wake tu, shingo usiihesabu. Fidla ya mtu mzima ni kama sentimita 36. Ikifika 40 hiyo ni viola, ndugu yake fidla mwenye mwili mkubwa na sauti nzito zaidi, hata muuzaji aape. Viola ndogo nazo zipo, kwa hivyo sikiliza nyuzi: fidla kwa kawaida ni G, D, A, E. Viola haina ile E nyembamba inayolia juu; ina C nene, nzito, upande wa chini. Nyuzi za fidla usizitie kwenye viola, mara nyingi hazitoshi urefu. Kwa kujibizana na ganuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi za kudonoa, mimi ningechukua fidla.