Mnyororo wa Baiskeli ya Mbio Unaochomoka Wakati wa Kubadilisha Gia: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Mnyororo ukichomoka, usiurudishe kabla hujatazama umeangukia wapi. Unaweza kuangukia ndani, yaani kati ya sproketi (gurudumu la meno) ndogo ya mbele na fremu. Unaweza kuruka nje, ukavuka sproketi kubwa ya mbele na kulalia mkono wa pedali. Nyuma, unaweza kupanda kupita sproketi kubwa kabisa na kuingia upande wa spoku, au kuteremka kupita ile ndogo kabisa na kunasa kati yake na fremu. Kila pahali pana chanzo chake, na skrubu inayotibu upande mmoja haisaidii chochote upande wa pili. Kumbuka vilevile ulikuwa ukitoka gia ipi kwenda ipi, na kama miguu yako ilikuwa ikikandamiza pedali kwa nguvu wakati huo. Anayempelekea fundi maelezo hayo amekwisha kumpunguzia kazi kubwa.

Kuurudisha mnyororo nako kuna adabu yake. Ukiwa umeangukia ndani bila kunasa, mara nyingi si lazima hata kushuka: sukuma kitasa cha gia ya mbele kana kwamba unapanda sproketi kubwa, kisha kanyaga polepole mno, na kihamisha mnyororo, yaani kifaa kinachousogeza kutoka sproketi moja hadi nyingine, kitaudaka na kuupandisha. Ukihisi pedali imegoma, acha hapohapo. Mnyororo ulionasa kati ya sproketi na fremu ukilazimishwa kwa mguu hukwangua rangi, na kwenye fremu ya kaboni huchimba mfereji ambao hautengenezeki kirahisi. Shuka, sukuma mkono wa kihamisha cha nyuma kuelekea mbele ili mnyororo ulegee, kisha uchomoe kwa vidole huku ukirudisha pedali nyuma kidogo kidogo.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, chunguza namna unavyobadilisha gia, kwa sababu kuna baiskeli nyingi zilizorekebishwa vizuri ambazo bado huangusha mnyororo kwa sababu gia imebadilishwa wakati usiofaa. Wengi husubiri mpaka mlima umewakamata, miguu imekaza kweli, ndipo washuke kutoka sproketi kubwa ya mbele kwenda ndogo. Na kwa kuwa mlima umekwisha kuwalazimisha kupanda sproketi kubwa za nyuma, mnyororo unakuwa umelala mshazari kuelekea ndani. Hapo mambo matatu yanakutana kwa pamoja: mvutano mkubwa unaokatika ghafla, mshazari unaouvuta mnyororo upande wa fremu, na pengo la meno ambalo lazima literemkwe kwa mruko mmoja. Baiskeli yenye sproketi za mbele za meno 50 na 34 ina tofauti ya meno 16, ilhali ile ya 53 na 39 ina tofauti ya 14, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo mnyororo unavyolegea zaidi unapoteremka. Dawa ni kushuka mapema, mnyororo ukiwa kwenye sproketi za katikati za nyuma, na kwa nusu mzunguko wa pedali upunguze nguvu ya miguu bila kuacha kuzungusha. Hili si jambo la wanaoanza tu. Katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya mwaka 2010, Andy Schleck alikuwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza na anashambulia kwenye mlima wa Port de Balès mnyororo wake ulipochomoka. Mpinzani wake Alberto Contador alimpita, na jioni hiyo jezi ilikuwa imehama kwa tofauti ya sekunde chache tu.

Ikiwa unabadilisha gia kwa utulivu na bado mnyororo unaanguka, weka baiskeli kwenye stendi, au uiinue gurudumu la nyuma lizunguke bila kugusa chini, na uanze na vitu vinavyoshikilia vingine. Safisha mnyororo kwanza, kwa kuwa uchafu huficha mengi. Hakikisha gurudumu la nyuma limekaa sawasawa kwenye fremu. Shika mikono yote miwili ya pedali uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi za ekseli ya pedali au boliti zake zina tatizo, na hakuna marekebisho ya gia yatakayodumu hadi hilo limetengenezwa. Kaza boliti zinazounganisha sproketi za mbele. Kisha zungusha pedali kinyumenyume polepole huku ukitazama nafasi iliyopo kati ya sproketi na bapa la kihamisha cha mbele: nafasi hiyo ikipanuka na kufinyika kila mzunguko, sproketi imepinda. Ukiendelea kuzungusha hivyo, angalia mnyororo unapopita kwenye magurudumu madogo ya kihamisha cha nyuma. Pingili iliyokakamaa huonekana wazi pale, kwa maana hairudi kunyooka kama wenzake, na mkono wa kihamisha huruka kidogo kila inapopita. Mara nyingi huwa ni pale mnyororo ulipounganishwa. Ishike kwa vidole vya mikono miwili, uikunje kushoto na kulia kwa upole mpaka ilainike.

Sasa kihamisha cha mbele, ambacho kwa uzoefu wangu ndicho chanzo cha matukio mengi. Ni mabapa mawili ya chuma yanayoukumbatia mnyororo na kuusukuma upande mmoja au mwingine. Hivyo lazima yakae mahali pake kabla ya kuzungumzia skrubu. Sogeza bapa la nje mpaka liwe juu ya meno ya sproketi kubwa: ukingo wake wa chini unapaswa kupita juu ya meno hayo kwa nafasi ya milimita 1 hadi 3. Likiwa juu zaidi, mnyororo unapata uwazi wa kuyumba. Baada ya hapo simama juu ya baiskeli, utazame chini moja kwa moja, na uone kama bapa la nje linakwenda sambamba na sproketi.

Kipimo hiki cha pili ndicho ninachokitilia mkazo kuliko vyote. Baiskeli yangu iliwahi kuangusha mnyororo ndani kwa majuma mawili. Nilikaza skrubu mpaka mnyororo ukakataa kabisa kushuka kwenye sproketi ndogo, nikailegeza robo duara, ukashuka na kuanguka tena. Haikuwepo nafasi ya katikati hata moja iliyofaa. Nilipoinama na kutazama kutoka juu ndipo nilipoona kwamba boliti inayoshikilia kihamisha kwenye fremu ilikuwa imelegea kiasi, na mkia wa mabapa ulikuwa umegeukia ndani kwa upana usiozidi unene wa ukucha. Nilikinyoosha, nikakaza boliti, na marekebisho yaliyobaki yakachukua dakika chache. Kwa hiyo ukiona skrubu haikubali nafasi yoyote, acha kuilaumu, kwani kihamisha chenyewe kimekaa kombo.

Kikishakaa vizuri, tafuta skrubu mbili ndogo zilizo juu yake, moja ikiwa na herufi L na nyingine H. Ya L huweka kikomo cha upande wa ndani, na ya H kikomo cha upande wa nje. Anza na L. Weka mnyororo kwenye sproketi ndogo ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma, kisha legeza waya wa gia kabisa, ikibidi kwa kufungua boliti inayoubana. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayowapotosha: waya uliokazwa kupita kiasi hukizuia kihamisha kisifike kwenye skrubu, kwa hiyo unaweza kuizungusha siku nzima bila badiliko lolote kuonekana. Waya ukiwa umelegea, zungusha L mpaka nafasi kati ya bapa la ndani na mnyororo ibaki kama nusu milimita, mnyororo ukipita karibu sana bila kusugua. Kuikaza kuelekea kulia hulisogeza bapa nje, mbali na fremu. Zungusha robo duara kwa wakati mmoja, na ujaribu kila mara. Vuta waya kwa mkono uondoe ulegevu, ufunge boliti yake, kisha pandisha mnyororo kwenye sproketi kubwa ya mbele na ndogo kabisa ya nyuma. Hapo rekebisha H kwa kipimo hichohicho, safari hii ukitazama bapa la nje. Mnyororo ukiruka nje kuelekea mkono wa pedali, H imelegea. Ukipanda kwa kusitasita, waya unahitaji kukazwa kidogo. Gia za umeme nazo zinahitaji kimo na usambamba uleule, kwa sababu mota haiwezi kurekebisha kihamisha kilichofungwa vibaya.

Kwa upande wa nyuma, kazi ni fupi lakini hatari yake ni kubwa zaidi, kwani mnyororo au kihamisha kikiingia kwenye spoku gurudumu linaweza kufunga ghafla ukiwa mwendoni. Tazama kutoka nyuma: gurudumu dogo la juu la kihamisha linapaswa kukaa wima chini ya sproketi ndogo kabisa linapofika kwenye kikomo cha H, na wima chini ya sproketi kubwa kabisa linapofika kwenye kikomo cha L. Kama baiskeli iliwahi kuangukia upande wa kulia, kabla ya kuzungusha skrubu yoyote chunguza kile kishikizo chembamba kinachounganisha kihamisha na fremu. Kikiwa kimepinda kuelekea ndani, mkono wa kihamisha utaonekana umeinamia spoku badala ya kuning'inia wima. Kinyooshwe na fundi mwenye kifaa chake au kibadilishwe.

Mwisho wa uchunguzi ni mnyororo wenyewe. Pima kwa rula ya chuma kutoka katikati ya pini moja, uhesabu nafasi 24 za kati ya pini na pini hadi katikati ya pini nyingine. Mnyororo mpya hutoa milimita 304.8. Ukifika karibu 306.3 umerefuka kwa nusu asilimia, na kwa baiskeli zenye sproketi 11 au 12 za nyuma huo ndio wakati wa kuubadilisha. Kwa zenye sproketi chache zaidi unaweza kungoja hadi karibu 307. Mnyororo uliolika hupinda kwa urahisi kuelekea pembeni, na huharibu meno ya sproketi zote. Urefu wa jumla pia una maana. Uzungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kihamisha cha nyuma. Mahali ncha zinapokutana, ongeza pingili mbili, yaani milimita 25.4. Ukizidi hapo sana utakuwa unaning'inia na kurukaruka kwenye barabara mbaya.

Ipo pia kinga ndogo ya chuma inayofungwa kwenye boliti ya kihamisha cha mbele ili kuuzuia mnyororo usiangukie ndani. Naipendekeza kwa kila mwenye fremu ya kaboni, mradi ifungwe baada ya marekebisho haya, iwe karibu na mnyororo bila kuugusa.

Ukimaliza, badilisha gia ya mbele mara 20 baiskeli ikiwa juu ya stendi, kila mara mnyororo ukiwa kwenye sproketi tofauti ya nyuma. Kisha nenda barabarani pasipo na magari, urudie ukiwa na uzito wako kwenye pedali. Beba mfukoni ufunguo wa boliti inayobana waya, kwa kuwa waya ukiwa mpya hunyooka katika safari za mwanzo na huenda ukahitaji kuukaza tena kidogo.