Toa safu za urefu usiojulikana kwenye draiva yako

Vijana wanaoniletea msimbo hapa Wandegeya, Kampala, wanaandika draiva (programu za kuiunganisha kerneli na kifaa) za mizani ya kahawa, zile za wanunuzi wa upande wa Masaka. Mstari ninaoukuta mara nyingi ni huu:

u32 vals[n];

Hapo urefu wa safu, n, unajulikana programu ikiwa inakimbia tu. Uondoeni. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilimaliza kuzitoa safu za namna hii mwaka 2018, toleo la 4.20, na tangu hapo kompaila huonya kwa -Wvla. Safu hiyo hukaa kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea, na kwenye x86-64 staki ya kerneli ni kilobaiti 16 tu kwa kila uzi (thread). Ikiwa n inatoka kwenye kifaa, hujui italeta ngapi, na staki ikifurika inaanguka mashine nzima, mkulima akiwa amesimama na gunia lake.

Kabla ya yote, tafuta kikomo. Kama mizani haitumi vipimo zaidi ya 16 kwa mkupuo, andika u32 vals[16], kagua n, basi. Kikomo kikiwa kikubwa au hakipo, omba kumbukumbu nje ya staki:

u32 *vals = kmalloc_array(n, sizeof(*vals), GFP_KERNEL);
if (!vals)
    return -ENOMEM;

Usipige hesabu ya n mara ukubwa mwenyewe ndani ya kmalloc. Jibu likipita uwezo wa namba hujizungusha likawa dogo, ukapewa nafasi finyu. Kmalloc_array hulikagua na kurudisha NULL. Ukitaka kumbukumbu iliyojazwa sifuri tupu, tumia kcalloc.

GFP_KERNEL inaweza kulala, yaani kusubiri kumbukumbu ipatikane. Kwenye intarapti (kifaa kinapoikatiza prosesa), au ukiwa umeshika spinloki (loki ambayo mwenye kuishika haruhusiwi kulala), ni GFP_ATOMIC isiyolala, ingawa mimi napendelea kuomba kumbukumbu kabla ya kufunga loki.

Sasa pa kutuliza macho. vals si safu tena, ni kielekezi, yaani anwani ya kumbukumbu tu. memset(vals, 0, sizeof(vals)) iliyokuwa ikifuta safu yote sasa inafuta baiti 8 kwenye mashine ya biti 64, na msimbo unakompailika vizuri tu. Pitia kila sizeof(vals), uweke n * sizeof(*vals); hapa kuzidisha ni salama, kmalloc_array imeshakagua.

Kisha kila return iliyo chini ya hapo. Zamani staki ilijisafisha. Sasa kila njia ya kutokea, hasa za makosa, iende goto out:

out:
    kfree(vals);
    return ret;

Kama ndani mlikuwa na funguo za siri, tumia kfree_sensitive, inayofuta kabla ya kuachia.

Mwisho washa CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK, kitafutaji cha kumbukumbu zilizosahauliwa bila kuachiwa, chomoa waya wa mizani katikati ya usomaji ili njia za makosa zipitiwe, andika scan kwenye /sys/kernel/debug/kmemleak, halafu soma faili hiyohiyo.